Mtoto Hajui Dawa ya Nani: Zifungie za Nyumbani Kama Unavyofungia za Shamba

Msimu wa vitalu vya tumbaku umefika, AMCOS zimeanza kugawa pembejeo, na wale wa bustani mko kwenye nyanya na vitunguu vya kumwagilia. Najua wengi mnasubiri niendelee na mada ya mbolea ya kukuzia. Itakuja. Leo naomba dakika kumi tuongelee kitu kilichomo ndani ya nyumba yako sasa hivi, pengine juu ya kabati, pengine chini ya mto, pengine kwenye mfuko wa koti lililoning'inia ukutani. Naongelea dawa.

Nianze na kisa changu, maana si vizuri kumhubiria mtu barabara ambayo mwenyewe umeteleza.

Kufuli lilikuwa stoo, hatari ilikuwa kwenye mkoba

Miaka michache iliyopita nilikuwa najivunia stoo yangu ya viuatilifu. Iko nyuma ya nyumba, ina sakafu ya saruji, ina dirisha la kupitisha hewa, na mlangoni kuna kufuli kubwa pamoja na picha ya fuvu. Wakulima wa shamba darasa nilikuwa nawaleta pale waione. Nawaambia, "Hivi ndivyo mtu anayejua kazi yake anavyotunza dawa."

Basi mama yangu akaja kutoka kijijini kwa ajili ya kliniki yake ya kisukari. Vidonge vyake viko kwenye vile vibahasha vya dirisha la dawa, na vibahasha viko ndani ya mkoba wa kitenge, na mkoba uko kitandani. Si ndivyo mama zetu wote wanavyotembea na dawa zao? Mwanangu wa mwisho alikuwa hajafikisha miaka 3. Saa 9 alasiri jua linawaka, bibi kasinzia kwenye mkeka, mimi nipo nje natengeneza bomba la kunyunyizia. Mke wangu ndiye aliyeshtuka. Akasema, "Mbona mtoto kimya?"

Tukamkuta amekaa upande wa pili wa kitanda. Kibahasha mkononi, midomo ina weupe, kidonge kimoja kimelowa mate kwenye godoro. Mama akahesabu mara mbili mikono ikimtetemeka. Vilikosekana vitatu.

Nitakwambia ukweli: jambo la kwanza lililonijia ni kwamba mtoto mbona anacheka, mbona mzima. Nikataka tumpe maziwa tumwangalie. Mke wangu hakunisikiliza. Alishika mtoto, akashika kibahasha, akapanda pikipiki ya jirani. Mimi nikafuata nyuma.

Hospitalini daktari aliuliza maswali matatu tu: dawa gani, vingapi, saa ngapi. Kwa sababu tulikuwa na kibahasha chenye jina la dawa, hakupoteza muda. Akatueleza kwamba vile vidonge vinashusha sukari ya mwilini, na kwa mtoto mdogo hata kimoja kinaweza kuleta hatari. Akasema sukari inaweza kushuka saa kadhaa baadaye, hata kama sasa hivi anacheza. Ndivyo ilivyokuwa. Usiku akaanza kulegea na kutoka jasho, wakamwekea dripu ya sukari, wakampima kidole kila baada ya muda hadi kesho yake jioni. Tukarudi naye nyumbani. Kama tungebaki kumwangalia, angelala usingizini na sisi tukadhani amechoka kucheza.

Mama yangu hakula vizuri siku mbili. Alikuwa anajilaumu. Nikamwambia, "Mama, kosa ni langu. Nimenunua kufuli la dawa ya wadudu, dawa yako sikuinunulia hata kopo."

Neno moja, vitu vingi

Baada ya pale nikaanza kuangalia nyumba za wakulima wangu kwa jicho jingine. Nikagundua shida inaanzia kwenye lugha yetu yenyewe. Sikiliza tunavyosema kwa siku moja:

"Nipe dawa ninywe, kichwa kinauma."
"Chukua dawa ukanyunyizie nyanya."
"Ng'ombe amepewa dawa ya minyoo?"
"Mahindi yameshatiwa dawa."
"Weka dawa ya panya kule stoo."
"Dawa ya meno imeisha."

Zote ni dawa. Mtu mzima anajua tofauti kwa sababu anajua habari inayozungumzwa. Mtoto wa miaka 2 hajui. Yeye anajua dawa moja tu, ile ambayo mama anamwekea mdomoni akiwa na homa, halafu anamsifia, "Mwanangu kameza dawa, hodari kweli!" Sasa siku akikuta kitu ambacho amesikia kinaitwa dawa, ataweka wapi? Mdomoni. Anafanya kile tulichomfundisha.

Nyumba ya mkulima wa kibiashara ni tofauti na ya mfanyakazi wa mjini. Mjini kuna vidonge na labda dawa ya mbu. Kwako kuna vidonge vya binadamu, sindano na dawa za mifugo, dawa ya kuogeshea ng'ombe, viuatilifu vya bustani, dawa ya kuzuia maotea ya tumbaku, dawa ya kuhifadhia mahindi, sumu ya panya, na mafuta ya taa. Kadiri biashara yako inavyokua, ndivyo hatari inavyoongezeka ndani ya ua huo huo ambao watoto wanachezea.

Sanduku la dawa la Kwihara

Walioko Tabora mjini wanaifahamu Kwihara, kilometa chache tu nje ya mji, kwenye tembe la Livingstone ambalo sasa ni makumbusho. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa Unyanyembe. David Livingstone, ambaye alikuwa amesomea udaktari, alifika Kwihara pamoja na Stanley mwezi Februari 1872, akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi na vifaa.

Miaka mitano kabla ya hapo, Januari 1867, akiwa katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wawili wa msafara wake walitoroka na mzigo. Ndani ya mzigo ule lilikuwemo sanduku la dawa. Livingstone aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba alijisikia kama mtu aliyehukumiwa kifo. Nguo za kubadilishana zingeweza kupatikana tena, shanga pia, lakini kwinini na dawa nyingine hazikuwa na mbadala porini. Afya yake ilizidi kudhoofika miaka iliyofuata, na alifariki mwaka 1873.

Ninapopeleka vikundi vya vijana pale Kwihara huwa nawakumbusha kisa hiki. Kwenye msafara ule wenye mizigo ya kila aina, dawa ilikuwa na sanduku lake. Kila mtu alijua lipo wapi, na lilipopotea ilijulikana. Sasa wewe mwenye nyumba ya bati, pikipiki, simu kubwa na akaunti ya benki, nikikuuliza dawa za nyumbani kwako ziko wapi, utaniambia sehemu ngapi? Wengi nikiwauliza wananitajia nne au tano. Hatari ya Livingstone ilikuwa kupoteza sanduku. Hatari yetu ni kwamba hatujawahi kuwa nalo.

Dawa za kawaida zinazodhuru mtoto

Kuna watu wanaamini kwamba hatari ni dawa ya shamba tu, na kwamba ya hospitali haiwezi kumdhuru mtu. Tazama hizi ambazo karibu kila nyumba inazo:

*Panadol na paracetamol nyingine.* Kidonge kimoja cha mtu mzima kina miligramu 500. Kwa mtoto wa kilo 10, vidonge vitatu au vinne kwa mara moja vinatosha kufikia kiwango kinachoweza kudhuru ini. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana hana shida kubwa, kumbe ini linaharibika. Dawa ya kuliokoa ini ipo, lakini inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi ndani ya saa 8. Kwa hiyo "tusubiri tuone" haifai.

*Vidonge vya kuongeza damu.* Mama mjamzito anapewa kliniki. Vingi vina rangi nyekundu au kahawia na ganda laini, mtoto anaona pipi. Vidonge 10 vyenye miligramu 60 za madini ya chuma kila kimoja vinaweza kumuua mtoto wa kilo 10. Angalia: nyumba yenye mjamzito mara nyingi ndiyo nyumba yenye mtoto mwingine wa miaka 2 au 3.

*Dawa za presha na kisukari.* Hizi ni za wazee wetu. Kidonge kimoja au viwili vya baadhi yake vinatosha kumwangusha mtoto. Na wazee ndio wanaokaa na wajukuu mchana sisi tukiwa shambani.

*Dawa za malaria zilizobaki.* Dawa mseto za watoto zimewekwa utamu makusudi ili mtoto azikubali. Utamu huo huo ndio unaomvuta azitafute.

*Sirapu.* Chupa ya kikohozi iliyo nusu, kifuniko kimelegea, iko dirishani. Mtoto anaijua ni tamu. Anaimaliza.

Kwenye nchi nyingine wamejaribu kutatua hili kwa vifuniko vya kubonyeza ndipo uzungushe. Marekani ilipitisha sheria ya vifungashio hivyo mwaka 1970, na vifo vya watoto wadogo kwa dawa kama aspirini vikapungua. Kwetu dawa nyingi zinatoka kwenye kopo kubwa na kuingia kwenye kibahasha ambacho mtoto anakifungua kwa meno. Halafu hata kile kifuniko cha kubonyeza kinamchelewesha mtoto tu, hakimzuii. Kinachozuia ni kufuli.

Chupa ya soda, chupa ya asali

Hapa naomba uweke simu nyingine pembeni unisikilize vizuri.

Mkulima ananunua lita moja ya kiuatilifu pamoja na jirani yake. Wanagawana. Cha jirani kinawekwa kwenye chupa ya maji au ya soda. Huku kwetu Tabora kuna jambo la ziada: asali yetu tunaiuza barabarani kwenye chupa zilizotumika, za maji na za vinywaji vingine. Mtoto wa Sikonge au Urambo akiona chupa yenye kimiminika cha rangi ya kahawia, akili yake inamwambia asali. Viuatilifu vingi vya mafuta vina rangi hiyo hiyo.

Mwezi Julai 2013, kwenye jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 wa shule ya msingi walifariki baada ya kula chakula cha mchana shuleni. Uchunguzi ulikuta kiuatilifu kiitwacho monokrotofosi kwenye mafuta ya kupikia, na serikali ilisema mafuta yalikuwa yamehifadhiwa kwenye chombo kilichowahi kubeba kiuatilifu. Watoto walilalamika kwamba chakula kina ladha mbaya. Walimaliza maisha yao kwa sababu ya kopo ambalo mtu aliona ni zuri, si la kutupa.

Kwa hiyo kanuni ni moja na haina "ila": dawa ikae kwenye chombo chake cha asili chenye lebo, na chombo hicho kisibebe kitu kingine maisha yake yote. Kikiisha, kisuuze mara tatu, maji ya kusuuza yamwage kwenye bomba la kunyunyizia, kisha kitoboe na ukirudishe kwa msambazaji au AMCOS kama wana utaratibu wa kukusanya. Kama mnataka kugawana, nunueni chupa ndogo ndogo. Ni ghali kidogo kwa mililita, lakini unajua unacholipia.

Mafuta ya taa nayo yamo humu. Mtoto akiyanywa kutoka kwenye chupa ya soda, shida kubwa ni kwamba yanaingia kwenye mapafu, hasa akitapika.

Na vidonge vya kufukizia mahindi, vile vya kijivu vinavyowekwa kwenye magunia? Jina lake tu ni mtego: vidonge. Vikikutana na unyevu vinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haina dawa ya kuondoa makali yake. Usiviweke ndani ya nyumba hata usiku mmoja, na usilale chumba kimoja na magunia yaliyofukizwa. Kama unahifadhi mahindi ya kula nyumbani, tumia mifuko isiyopitisha hewa kama ya PICS. Mahindi yakikaushwa vizuri na mfuko ukafungwa sawasawa, wadudu wanakosa hewa na wewe huhitaji kidonge chochote.

Sasa tufanye hivi

Nimekupangia kazi ya jioni moja. Huhitaji mkopo.

1. *Fanya msako.* Chukua beseni, zunguka nyumba nzima, kusanya kila kinachoitwa dawa. Chini ya mto, juu ya tofali la dirisha, kwenye mkoba, kwenye koti, kwenye boksi la pikipiki, jikoni. Utashangaa beseni litakavyojaa.

2. *Tenga mafungu matatu.* Fungu la binadamu, fungu la mifugo, fungu la shamba na nyumba (viuatilifu, sumu ya panya, mafuta ya taa, sabuni kali). Mafungu haya yasilale pamoja tena.

3. *Toa zilizopita muda na zisizo na jina.* Kidonge usichokijua si cha kubakiza. Za binadamu zipeleke zahanati au duka la dawa ulikonunua, uulize watakavyoziteketeza. Usizitupe jalalani kuku na watoto wanakochakura.

4. *Tafuta sanduku la dawa za binadamu.* Tranka lako la zamani la shule ya bweni linatosha kabisa. Kama huna, fundi seremala atakutengenezea kasanduku ka mbao kenye bawaba na sehemu ya kufuli. Liweke juu kuliko mkono wa mtoto aliyepanda kiti. Lakini usitegemee urefu peke yake. Mtoto wa miaka 4 anapanga ndoo juu ya stuli kama fundi. Juu na kufuli, vyote viwili.

5. *Usiliweke kwenye joto.* Juu kabisa ya ukuta chini ya bati panachemka, hasa Septemba na Oktoba zetu hizi. Dawa nyingi zinataka zisizidi nyuzi 30. Ukuta wa ndani wa chumba kisichopigwa na jua la jioni unafaa zaidi. Jikoni na bafuni achana napo kwa sababu ya moshi na unyevu. Na wale mnaokausha tumbaku, ukuta unaopakana na bani si mahali pa dawa.

6. *Andika.* Kila kibahasha kiandikwe jina la dawa, ya nani, na tarehe. Daktari wa usiku hataweza kusoma mawazo yako.

7. *Ufunguo uwe na mwenyewe.* Watu wazima wawili tu wajue ulipo. Ufunguo uliotundikwa msumari pembeni ya sanduku ni sawa na mlango wazi.

8. *Dawa za mifugo na za shamba ziende nje ya nyumba ya kulala.* Stoo yenye mlango na kufuli, mbali na kisima, mbali na chakula. Dawa za mifugo zipate rafu yake ya juu au sanduku lake. Maji maji yakae chini ya unga unga, ili chupa ikivuja isilowanishe mfuko. Nunua vilivyosajiliwa na TPHPA, vyenye lebo unayoweza kuisoma. Vya kupimiwa mnadani kwenye chupa ya maji achana navyo.

9. *Mgeni akija, mkaribishe na mkoba wake.* Hili nimejifunza kwa machozi. Mwambie kwa heshima, "Mama, shikamoo, karibu sana. Dawa zako tunaziweka kwenye sanduku hapa, ukihitaji niite muda wowote." Hakuna mzee atakayekasirika ukimweleza kwamba ni kwa ajili ya mjukuu.

10. *Usiite dawa pipi.* Wala usimeze mbele yake kwa mbwembwe. Mtoto anaiga.

Na wale walioko kambini

Najua mtaniambia, "Afisa, wewe unaongelea nyumba yenye ukuta. Sisi msimu wa tumbaku tunahamia kambini, nyumba ya nyasi, miti ya miombo inatuzunguka." Nakubali. Huko hakuna rafu wala msumari wa maana. Lakini ndiko dawa zote zinakolala karibu zaidi na mkeka wa mtoto, na zahanati iko mbali zaidi.

Kambini fanya hivi: tranka mbili zenye kufuli. Ndogo ya dawa za binadamu ibaki ndani. Kubwa ya viuatilifu ikae nje, kwenye kichanja chake chenye paa la nyasi au turubai, upande ambao upepo hauleti harufu mnakolala. Bomba la kunyunyizia nalo lisilale na mabaki ya dawa. Changanya kile utakachomaliza leo.

Kama una vibarua, ukumbuke kwamba wanakuja na familia. Mtoto wa kibarua hajui mipaka ya stoo yako. Ukimgawia baba yake dawa ya kunyunyizia kwa siku, jioni chombo kirudi kwako, hata kama kimebaki robo.

Hapa kuna na biashara ndani yake. Mkaguzi wa GLOBALG.A.P., kwa wale mnaotaka kuuza mboga na matunda nje, ataomba kuona stoo ya viuatilifu iliyofungwa. Kampuni za tumbaku nazo zinaulizia hifadhi ya viuatilifu na usalama wa watoto shambani. Kwa hiyo kufuli la stoo linakulipa. La sanduku la nyumbani hakuna mkaguzi atakayeliulizia. Hilo unalifunga kwa ajili ya wanao.

Ikitokea imetokea

Hata ukijitahidi, siku moja inaweza kutokea. Yabandike haya ndani ya mfuniko wa sanduku:

- Usisubiri dalili. Mwahishe mtoto kituo cha afya kilicho karibu, hata kama anacheza.
- Beba chombo, kibahasha au lebo, na matapishi kama yapo kwenye nguo. Hesabu vilivyobaki. Kumbuka saa.
- Usimtapishe. Usimtie kidole wala maji ya chumvi. Sumu kali na mafuta ya taa yanaumiza mara ya pili yakirudi.
- Maziwa hayaondoi sumu. Yanakupa tu moyo wa kuchelewa. Aliyelegea au asiyejitambua asipewe kitu chochote mdomoni.
- Dawa ikimwagika mwilini, vua nguo zote, osha kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia jichoni, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi.
- Akidegedega au akizimia, mlaze ubavu, hakikisha anapumua, endeleeni na safari.
- Ukiona mate yanamtoka mengi, jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano, anapumua kwa shida, mwambie daktari mapema kwamba kuna kiuatilifu nyumbani. Kuna dawa ya kupambana na sumu ya aina hiyo, lakini lazima ajue.

Weka kwenye simu namba ya zahanati yenu na ya dereva wa pikipiki anayelala na mafuta kwenye tangi. Fanya leo, maana usiku wa tukio mikono inatetemeka na namba hazionekani.

Namalizia

Mwanangu sasa yuko shule ya msingi. Tranka liko ukutani kwenye chumba chetu, na mama akija kutoka kijijini, kabla hata ya kupokea maji ya kunywa anafungua mkoba wake na kunikabidhi vibahasha. Akimwona mjukuu anapita anasema, "Zifungie hizo, baba, huyu namjua."

Kazi yako ya wiki hii ni ule msako wa beseni, namba 1. Fanya jioni ya leo, kabla hujaenda kuchukua pembejeo za msimu, ili zikifika zikute nyumba imeshapangwa. Kisha uniandikie umekuta dawa sehemu ngapi. Mimi siku ile nilikuta sehemu saba, na nilikuwa najiita mtaalamu.

Makala ijayo tunarudi kwenye mbolea ya kukuzia, kama nilivyoahidi. Msimu mwema.